Anyosisye, Mkamwana Aliyefinyanga Zizi la Mkwewe

Wapendwa mliokuja kutushika mkono, wa Bondeni na wa Kasumulu, nanyi ndugu zetu wa ziwani mliopiga makasia tangu jana, nanyi wageni wa bandari ya Mwaya ambao kwa ajili yenu nimeombwa nisome kwa Kiswahili, ukoo umenisimamisha mimi, Tomasi, mdogo wake mfiwa, niwaeleze maisha ya shemeji yangu Anyosisye, ambaye leo tunamweka katika udongo alioushika tangu utoto wake. Nikikosea mwaka, wenye kujua wanivumilie mpaka tumalize, maana hapa kila mtu ana hesabu yake.

Marehemu alizaliwa Ikombe, kando ya ziwa, katika ukoo wa Wakisi wavuvi na wafinyanzi, na mwaka wake hakuna aliyeuandika, lakini Wadachi walipojenga boma lao la kwanza pwani mwa ziwa letu mwaka 1893 yeye alikuwa msichana wa kuweza kufinyanga chungu kisichovuja, kwa hiyo tunakadiria kuwa ni mwaka 1878. Mama yake alimfundisha kazi kama mama wote wa Kisi wanavyofundisha binti zao, kwa kumpa udongo na kumnyima maelezo, naye akawa mtoto wa kuuliza kila kitu, kwa nini udongo unanuka samaki, kwa nini chungu hiki kimepasuka na mwenzake hakikupasuka, nani alikuwa wa kwanza kufikiria mdomo wa mtungi, hata mama yake akawa anamwambia ale ugali wake awaache watu wapumzike. Vyungu vilivyoharibika, wenzake walivitupa, bali yeye alivivunja na kuchungulia ndani yake vilikuwaje.

Mwezi wa Septemba mwaka 1895 aliolewa na kaka yangu Asajile, ambaye alikwenda Ikombe kubadilisha ulezi kwa vyungu, chungu kwa ujazo wake kama ilivyo desturi yetu na Wakisi, akarudi na vyungu vichache na maneno mengi juu ya msichana mmoja aliyemuuliza ulezi hupandwaje, hupaliliwaje na ndege hufukuzwaje, mpaka jua likazama bado yuko pwani. Mahari ilitolewa kwa majembe, kwa kuwa ng'ombe hawakuwapo, na hapo ndipo penye kiini cha habari yake.

Mwaka uliotangulia sotoka, ile tauni ya ng'ombe, ilipita katika bonde hili, na zizi la baba yetu, lililokuwa la kujivunia, likabaki miti mitupu. Baada ya kumzika ng'ombe wa mwisho, baba aliingia ndani, akalala akiutazama ukuta, hakusema neno, hakula ila kwa kubembelezwa, na sisi wanawe tulimletea dawa, tukamletea wazee wenzake, tukamletea hata pombe nzuri ya ulezi, wala hakugeuka. Kwa desturi yetu Wanyakyusa kijana hujenga mbali na baba yake, pamoja na rika lake, ili mkwe na mkamwana wasikutane njiani, kwa maana mkamwana hamtazami baba mkwe, hasemi naye, halitaji jina lake wala neno lolote linalofanana nalo, akisikia kikohozi chake hujifunika nguo akaingia migombani. Lakini mama alikuwa amechoka, na Asajile ni mzaliwa wa kwanza, kwa hiyo alijenga karibu, na bibi harusi kutoka ziwani akajikuta anapika chakula cha mtu ambaye hajamwona, anayetaka kufa, na ambaye haruhusiwi hata kumwambia asife.

Wengine wangalishukuru kwamba hayo hayawahusu. Yeye alimwendea mama na kumuuliza, hao ng'ombe walikuwaje, na mama, ambaye hakuwahi kuulizwa hivyo na mtu yeyote kati yetu, akakaa chini akamweleza dume kubwa lililoongoza zizi, rangi yake, kiburi chake na namna lilivyokuwa likikataa kuvuka mto wa kwanza. Anyosisye akachukua udongo aliokuja nao kutoka kwao, akalifinyanga dume lile, akalikausha na kulichoma, na mama akaliweka karibu na kitanda cha baba bila kusema kitu. Sasa, ndugu zangu wa ziwani mnisamehe, lakini Mkisi anamjua samaki, ng'ombe anamsikia tu, na dume lile lilikuwa na tumbo la kambale na pembe zimelala nyuma. Baba alilitazama tangu asubuhi mpaka alasiri, kisha akasema kwa sauti ya ukali, "Nani amelipa dume langu pembe za mbuzi?"

Mama aliangusha ungo. Yalikuwa maneno yake ya kwanza baada ya miezi mingi, nasi tulikimbia kama watu wa moto, ila mkamwana, aliyeyasikia akiwa nyuma ya nyumba, alicheka mpaka akajiziba mdomo, kisha akamtuma mama arudi akaulize, basi zilikuwaje? Baba akaeleza, na maelezo ya kitandani hayakumtosha, ikabidi ainuke achore chini kwa kijiti. Ng'ombe wa pili alipoletwa pembe zilikuwa sawa, lakini nundu ilikuwa imekaa kiunoni, na hili marehemu hakulificha kamwe, la kwanza alikosea kwa kutojua, la pili alikosea kwa kusudi. Mvua zilipoanza baba yetu alikuwa akienda mwenyewe mtoni kutafuta udongo wa rangi ya yule aliyeitwa Mwekundu, akinung'unika njia nzima kwamba watu wa ziwani hawana macho, na sisi tulikuwa tukimfuata kwa mbali tukilia kwa furaha.

Hapo likatokea jambo ambalo nalisoma kwa tahadhari, kwa sababu wakamwana wengine wa mzee wako hapa na siwezi kulitaja jina lake masikioni mwao. Jina la baba kwa lugha yetu linakaribiana na neno la udongo, kwa hiyo Anyosisye, ambaye kazi yake yote ilikuwa udongo, hakuweza kuutaja, na badala ya kunyamaza akaubunia jina lake mwenyewe, akauita unga wa ziwa, na chungu kibichi akakiita mkate, na kuchoma akakuita kupika, hata watoto wa mtaa mzima wakakua wakidhani ndiyo Kinyakyusa safi. Kila alipofungiwa mlango alikuwa akiutazama mlango wenyewe, umetengenezwaje.

Bwana aliwajalia watoto watatu, Eliya aliyezaliwa mwaka 1898, Elizabeth aliyezaliwa mwaka 1902, na mdogo wao wa kiume aliyezaliwa mwaka 1905. Mwaka 1903 marehemu alianza kwenda shule ya misheni Ipyana, mwanamke mzima akiketi chini pamoja na watoto, na mwalimu wake Andrea, aliye kati yetu hapa, anasema kwamba somo la herufi lilichelewa kwa sababu mwanafunzi huyu alitaka kujua kwanza wino unapikwa na nini. Alibatizwa siku ya Pasaka, tarehe 15 Aprili 1906, pamoja na watoto wake, na jina la Anyosisye alilichagua mwenyewe.

Baada ya ubatizo wapo waliomwambia kwamba sasa yu huru, amwendee baba mkwe amsalimu uso kwa uso, kwa kuwa miiko hiyo imepita, naye akatafakari sana, akamtuma mama akamuulize mzee anaonaje. Jibu la baba tulilisikia wote, maana sauti yake ilikuwa imerudi yote, "Mwambieni tukionana tutasalimiana, halafu tutanyamaza kama watu wengine. Na ng'ombe bado hawajaisha." Hivyo wakaendelea kutoonana, na sijaona watu wawili waliofahamiana kuliko hao.

Wasioijua nyumba yetu wasifikiri kwamba alikuwa mtu wa kucheka tu. Mwaka 1908 surua ilimchukua yule mtoto mdogo, na Anyosisye akauacha udongo ukakauka ukapasuka ndani ya mtungi, hakuuliza swali lolote kwa mtu yeyote. Hakuna aliyejua la kufanya, mpaka baba alipomtuma mama na ujumbe kwamba yule ndama wa mwisho ameachwa bila mkia, na mvua ziko karibu, na nzi watamla. Marehemu alilia siku hiyo kuliko siku ya maziko, sisi tukamkasirikia mzee, lakini kesho yake alilowesha udongo, akafanya mkia, na mkia ulikuwa mrefu mno, na mzee akapata la kusema.

Mama yetu alifariki mwaka 1909, na wajumbe wakawa wamekwisha, kwa hiyo wawili hawa wakabuni njia, mzee akakaa upande wake wa ukuta akausemesha mgomba, na mkamwana upande wa pili akakijibu chungu chake. Mpita njia angesikia mzee akiuuliza mgomba kama ni kweli samaki hulala, na mwanamke akikieleza chungu kwamba wengine hulala macho wazi, angedhani ameingia kwa wenda wazimu, na wapo waliopita wakadhani hivyo. Kazi yake ya ufinyanzi ilienea, vyungu vyake vilikwenda Mwaya na ng'ambo ya Songwe, na wanawake aliowafundisha kufinyanga udongo wa bondeni, ambao wazee wa Kisi walisema hauwezi kushika moto, ndio hao waliokaa kule mbele wakiwa wamefunga vilemba vyeusi.

Vita vilipokuja, mwaka 1915 alitumwa mjumbe kukusanya unga wa askari waliokuwa Mwaya, naye alipofika kwetu, Asajile yuko shambani, wakamwana vijana wakasikia unga wakampa unga, vikapu viwili vya udongo mkavu uliotwangwa ukachekechwa vizuri sana. Mpishi wa askari aliumimina ndani ya maji yanayochemka, akausonga, na ugali ule ukakataa kuwa ugali. Kaka yangu alikamatwa siku hiyohiyo kwa kosa la dhihaka, akaambiwa atachapwa kiboko mbele ya watu, na sisi wanaume tukakaa kupanga namna ya kuomba radhi, lakini Anyosisye alijitwika unga wa kweli, akaenda Mwaya kwa miguu, na kabla hajaomba lolote akamuuliza mpishi kama anaweza kuona ndani ya sufuria. Akatia vidole, akausugua udongo, akauliza umechemshwa tangu lini na kwa kuni gani, kwa sababu alikuwa hajawahi kuona udongo ukilainika hivyo, na mpishi aliyekuwa amejiandaa kutukana akajikuta anaeleza, na askari wakasogea, akawaeleza naye habari ya jina lisilotajika na unga wa ziwa, wakacheka mpaka mkubwa wao akatoka kuuliza kuna nini. Asajile alirudi mgongo wake mzima. Marehemu alirudi na vikapu vyake, na aliniambia kwamba njiani kote wakati wa kwenda alikuwa akitetemeka, na kwamba kuuliza ndiko kulikomzuia kuanguka.

Mwezi wa Januari mwaka huu alishikwa na homa na kichomi, akatibiwa zahanati ya misheni Ipyana, akapata nafuu, kisha ugonjwa ukarudi kwa nguvu mwishoni mwa Februari. Mzee, ambaye sasa haoni vizuri, alikuwa akiletwa kila asubuhi akakaa nje ya ukuta wa chumba cha mgonjwa, akiuuliza ukuta maswali yake, na majibu yalitoka mafupi, halafu yakatoka kwa shida, halafu tukawa tunamsikia yeye tu. Shemeji alifariki siku ya Alhamisi, tarehe 9 Machi 1916, kabla ya adhuhuri, mkono wake ukiwa katika mkono wa Elizabeth. Ameacha mume, watoto wawili, na baba mkwe.

Kwa niaba ya ukoo tunawashukuru waganga na wauguzi wa zahanati ambao hawakuchoka, ingawa aliwauliza kila dawa imetoka mti gani, tunamshukuru mwalimu Andrea na Wakristo wa Ipyana, majirani wa Bondeni mliopika na kuteka maji, wafinyanzi wenzake, na ndugu wa Ikombe mliotupa binti yenu mkatuamini. Ndagha fijo, asanteni sana, nyote.

Limebaki jambo moja, ambalo ukoo haukukubaliana kama lisomwe, nami nalisoma. Leo asubuhi, kabla hatujamfunika marehemu, baba alisema anataka kuingia alikolazwa, na wapo waliosema haifai, na wapo waliosema imechelewa, naye akakohoa mlangoni kama alivyokohoa miaka ishirini, wakamwana wote wakatoka kwa mlango wa nyuma, akaingia. Kwa kuwa macho yake ni mabovu aliinama karibu sana, akautazama uso ule kwa muda mrefu, akashangaa kwa sauti kwamba ana kidevu kidogo hivi. Kisha akamsalimu kwa mara ya kwanza, akasema, "Ugonile." Wageni wetu wa Mwaya, hiyo ni salamu tunayopeana kila siku njiani na sokoni, na ukiifasiri neno kwa neno ni kusema, umelala.

Baba akangoja aitikiwe, kama adabu inavyotaka, na hakuna hata mmoja wetu aliyethubutu kumwitikia badala yake. Shemeji, mama wa Eliya na Elizabeth, lala kwa amani ya Bwana.