Ncha Iliyochemsha Chai

Basi kutoka Rufiji lilipokaribia Kongowe, Mbwana, mwenye mbao za mninga juu ya keria, alilowa jasho kama aliyenyeshewa peke yake. "Kaka, unaumwa?" akauliza muuza mikeka jirani yake.

"Kizuizi cha maliasili ni pale mbele, dada. Gogo langu lilipigwa nyundo ya serikali, ile alama ya kuwa ni halali, wallahi! Ila ncha yenye alama ilikuwa na ufa, nikaikata. Wateja wangu Wazungu hawataki nyufa."

"Iko wapi hiyo ncha?"

"Tulichemshia chai."

"Basi jela hiyo, kaka. Utawaonyesha majivu?" Akavuta mikeka yake mbali naye, maana balaa huambukiza.

Basi likasimama. "Mwenye mbao nani?" sauti ikauliza nje. Abiria wote wakageuka kumtafuta. Mbwana akageuka nao.