Nakala Tatu na Mstari wa Mia Tano

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, saa tisa na nusu alasiri, karani mwandamizi wa Masjala ya Vyama vya Siasa atafunga dirisha namba moja kwa mara ya mwisho. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na tisa na miezi minne ya utumishi. Aliajiriwa nchi ikiwa na uhuru wa miezi saba, na yeye akiwa kijana wa miaka ishirini ambaye, kwa maelezo yake mwenyewe, alidhani anaenda kuandikisha vyama vya mpira.

Wakuu wameniomba ukurasa wa kuchangamsha kwa ajili ya jarida letu la watumishi. Nimekaa naye dirisha kwa dirisha miaka ishirini na miwili, kwa hiyo nakubali kwamba kazi hii ni yangu. Kuchangamsha nitajitahidi. Mwezi huu tumepokea maombi ya vyama vipya sita, vitano kati yake vikiwa vimemeguka kutoka chama kimoja, na sote humu ndani tumechoka.

Alipoanza kazi, masjala ilikuwa chumba kimoja cha ghala la zamani la forodha: meza mbili, kabati la chuma lenye mlango unaokwama, na feni inayozunguka ikipenda. Kisiwa chetu kilikuwa na vyama viwili. Mwaka haujaisha, vilikuwa tisa. Chama cha Taa kilizaa Taa Mpya, Taa Mpya ikazaa Taa Halisi, na siku moja viongozi wa pande mbili walikuja kugombea alama, kila mmoja na kandili yake, wakaziwasha juu ya kaunta saa nne asubuhi kuonyesha ipi ndiyo yenyewe. Karani wetu alitazama kandili zote mbili, akawauliza kwa upole ni ipi itakayobaki hapa kama kielelezo. Ilibaki moja. Imetusaidia kila umeme ulipokatika, na chama kilichoileta kimekwisha kufa mara mbili.

Hewa ya hapa ina chumvi, na chumvi haina adabu na makaratasi ya serikali. Pini na klipu zilishika kutu katika miezi michache na kutoboa majina ya watu. Ndipo mzee wetu, wakati ule bado kijana, akaanza kushona mafaili kwa sindano na uzi, mishono minne ubavuni na fundo nyuma. Uzi aliupata kwa kaka yake mkubwa, fundi cherehani mwenye duka mitaa miwili kutoka hapa, aliyekuwa akishona bendera za vyama vyote bila kubagua. Kila mwisho wa mwezi fundi alimletea masalio ya uzi. Tuliokuja baadaye tulijifunza kusoma siasa kwa rangi: ukiona mafaili ya mwezi huo yameshonwa kwa kijani tupu, ujue Mwavuli wameagiza bendera nyingi na wana jambo.

Na kweli walikuwa na jambo. Mwaka wa sita chama cha Mwavuli kilivimeza vingine vyote kwa sheria ya kurasa mbili. Msajili wa wakati huo, wa pili kati ya saba aliowatumikia mstaafu wetu, alimwambia kwa mdomo ayachome mafaili ya vyama vilivyofutwa. Karani hakubisha. Alijibu kwa barua ya heshima kwamba yuko tayari kabisa, ila kwa mujibu wa taratibu anaomba amri hiyo kwa maandishi, imetiwa sahihi, katika nakala tatu. Ikapita wiki. Ukapita mwezi. Hakuna aliyetaka kutia sahihi hata nakala moja. Mafaili yalikaa ndani ya kabati lenye mlango unaokwama kwa miaka kumi na moja, na jina la Nakala Tatu likamganda tangu siku hiyo. Tunamtania nalo, lakini ni jina la mtu ambaye angeweza kumwaga unga wake kwa barua ile moja, na alikuwa na mtoto mchanga nyumbani.

Miaka hiyo kumi na moja huizungumzia kidogo sana. Husema tu kwamba chama kimoja kina makaratasi mengi kuliko vyama tisa.

Vyama vingi viliporudi, ndipo nami nikaajiriwa, maana foleni ilikuwa imefika barabarani. Nilidhani nitaona watu wapya. Mzee akanifungulia kabati, akanionyesha fomu za zamani, na sahihi zilikuwa zilezile. Mtu aliyeanzisha Taa Halisi alikuja na Ngazi; aliyekuwa katibu wa Mwavuli alikuja na Ufunguo, akilia machozi kuhusu uhuru wa kutoa maoni. Nakala Tatu aliwapokea wote kwa "karibu, keti" ileile. Katiba za vyama vyote kazisoma mpaka mwisho, na nadhani ndiye mtu pekee nchini aliyefanya hivyo. Nilimuuliza ipi nzuri. Akasema, "Zote zinaanza vizuri."

Sasa nifike kwenye jambo ambalo sikuombwa kuliandika. Nimelikalia miaka ishirini na moja, na kama silisemi kabla ya Ijumaa, sijui litasemwa lini.

Mwaka uliofuata, fundi cherehani naye alichoka. Alikuwa amemshonea mheshimiwa mmoja bendera za vyama vinne katika miezi kumi na tano. Akaamua kuanzisha chama chake, alama yake Sindano, na sera yake ilikuwa moja tu: kiongozi akishachaguliwa na chama fulani, abaki humo mpaka muda wake uishe. Bendera aliishona kwa vipande vilivyobaki vya bendera za wenzake. Sheria ilitaka bendera isifanane na ya chama kingine. Ya kwake ilifanana na zote. Hilo lingerekebishika. Sheria pia ilitaka wanachama waanzilishi mia tano, kila mmoja na sahihi au dole gumba, na fundi akaja asubuhi ya Jumanne na daftari lililojaa vizuri kabisa, nakala tatu, zimeshonwa ubavuni mishono minne.

Nakala Tatu alihesabu. Akahesabu tena. Akahesabu mara ya tatu, kidole kikitembea mstari kwa mstari.

"Wako mia nne tisini na tisa, kaka," alisema. "Amepungua mmoja."

"Hajapungua," fundi akajibu, na kuweka kidole kwenye mstari wa mwisho uliokuwa wazi. "Hapo ni pako."

Mzee alimweleza kifungu. Mtumishi wa masjala haruhusiwi kujiunga na chama chochote mpaka siku atakapoacha kazi; ameapa hivyo. Alieleza kwa sauti ya chini, maana benchi la nje lilikuwa limejaa na kila mtu alikuwa ametega sikio. Mama mmoja aliyekuwa akisubiri zamu akajitolea kutia sahihi yeye, mambo yaishe, watu wahudumiwe. Fundi akamshukuru na kukataa. "Nafasi ina mwenyewe, mama." Kisha akamgeukia mdogo wake. Huyu kaka amemzidi miaka tisa, na baba yao alipofariki ndiye aliyemlea. "Suruali uliyokuja nayo kazini siku ya kwanza niliishona mimi," alimwambia. "Leo unanisomea kifungu?"

Nakala Tatu akachukua muhuri wa HAIJAKAMILIKA, akapiga nakala ya kwanza, ya pili, na ya tatu. Ule wa tatu umekaa upande. Nimepitia mafaili ya miaka thelathini na tisa kwa ajili ya makala hii, na huo ndio muhuri pekee uliokaa upande.

Fundi alisema, "Basi nitasubiri," akaondoka. Hawajazungumza tangu hapo. Kwenye misiba na harusi hupeana mkono na salamu za kiofisi, kisha kila mmoja hutafuta kiti mbali na mwenzake. Mke wa mzee, shemeji yetu anayetuletea mandazi kila tukifunga hesabu ya mwaka, aliniambia siku moja kwamba hawa wawili walizaliwa na mama mmoja, lakini ukaidi kila mtu alipewa wake kamili.

Ila uzi haukukatika. Mwisho wa mwezi ule ule ilifika bahasha kwa mkono wa tarishi, bila barua, bila jina, ndani mna masalio ya uzi. Na mwezi uliofuata. Na kila mwezi tangu hapo. Nakala Tatu huipokea, huiweka kwenye droo, na kazi inaendelea.

Kwa kuwa haruhusiwi kushika faili la ndugu, faili la Sindano lilihamia kwangu. Ombi lisilokamilika hufungwa baada ya siku tisini, isipokuwa mwombaji akiandika kuomba lisifungwe. Fundi huandika. Barua yake hufika kila mwaka mwezi wa tano, mstari mmoja tu: "Bado nasubiri. Msilifunge." Ninazo ishirini na moja. Mzee hajawahi kuniuliza kama barua imekuja. Ila kila mwezi wa tano huja dirishani kwangu kuazima rula, na rula anayo, ya chuma, naiona kutoka ninapokaa. Nami humpa yangu na kusema, "Imefika, mzee wangu," kana kwamba nazungumzia rula. Hushukuru na kurudi kwenye kiti chake.

Nitasema ukweli, niliwakasirikia wote wawili. Fundi angeweza kumwandikisha mtu yeyote pale benchi. Na mzee naye, miaka tisa iliyopita, alipewa uhamisho wa kwenda Idara ya Ardhi, ofisi yenye dirisha linaloangalia bustani, ambako kiapo chetu hakimfuati mtu. Angekuwa huru asubuhi yake. Alikataa. Alisema, akihama, nani atazijua sahihi za watu hawa? Lilikuwa jibu zuri na sote tulilisifu. Mimi nadhani aliogopa pia. Mtu akishakaa miaka kumi na miwili bila kuzungumza na kaka yake, kuanza ni kazi kubwa kuliko kusajili vyama.

Mwaka huu barua ilikuja kwa mwandiko mwingine, wa duara, wa mwanafunzi. Mjukuu wa fundi ndiye aliyeandika. "Babu anasema bado anasubiri, ila macho hayasubiri. Anaomba msilifunge." Mzee alipokuja kuazima rula sikuweza kusema imefika tu. Nilimwekea barua juu ya kaunta upande wake. Aliisoma amesimama, akaikunja kwa mikunjo yake ileile, akanirudishia. Rula aliisahau. Alasiri hiyo alihudumia watu kumi na mmoja bila kosa, na nilimwonea huruma kiasi cha kushindwa kuinua macho.

Ninajua atakachosema akisoma haya. Atasema sheria imebadilika, sasa wanatakiwa elfu mbili. Atasema kati ya wale mia nne tisini na tisa, watu mia moja sitini na watatu wamefariki, maana ndiye aliyenifundisha kuwawekea alama. Ni kweli. Sindano haitasajiliwa, wala fundi hana tena nguvu ya kushona bendera. Wote wawili wanalijua hilo kuliko mimi.

Mafanikio yake mengine yako kwenye kumbukumbu na sitawachosha nayo. Alitunza historia ya vyama mia moja thelathini na saba. Mahakama imemwita shahidi mara nane na mara zote ameondoka hajaulizwa swali la pili. Alitufundisha kushona, kuhesabu mara tatu, na kumpa kiti mtu tunayejua anadanganya. Kwa wageni aliotutetea mbele yao, kwa makosa yetu aliyoyarekebisha bila kuwaambia wakubwa, tunamshukuru kwa moyo wote. Ofisi itakuwa kimya zaidi, na hatuna hakika kama tutauweza ukimya huo.

Mzee wetu, pumzika. Afya iwe nawe, shemeji akushibishe, na usiguse karatasi ya serikali mpaka vidole vitoke wino. Tunakuombea siku ndefu na nyepesi.

Kiapo chako kinaisha Ijumaa jioni. Jumatatu, tarehe 3 Julai, mimi nitafungua dirisha namba mbili saa mbili kamili, na faili nitakuwa nimekwisha kulitoa kabatini. Tarishi amekubali kumsindikiza fundi kwa mkono, polepole, mitaa miwili si mbali. Njoo na kitambulisho chako kama raia mwingine yeyote, ukae benchi, usubiri zamu. Mstari wa mia tano uko wazi, katika nakala zote tatu.