Gari Lililolia Kuliko Wafiwa

Kwenye basi, mwenye gari alimkuta fundi aliyemfungia redio garini mwake, akamkalia pembeni makusudi. Mimi nilikuwa nyuma yao, na sikulala tena.

"Jana kwenye mazishi ya mjomba nimezima redio, king'ora kikaanza. Gari limelia kuliko wafiwa. Shangazi hataki hata kuniona."

"Redio inaimba?" fundi akauliza, macho dirishani.

"Inaimba."

"Basi king'ora muulize aliyekifunga."

"Waya wa redio umeuunga kwenye waya wa taa ya mlango, bwana. Nikizima tu, king'ora kinadhani mwizi kafungua."

"Mimi ni fundi redio."

"Na kinyozi akikukata sikio, atakwambia yeye ni wa nywele tu?"

Basi likasimama. Fundi akainuka, ingawa tikiti yake ilikuwa ya kituo cha mwisho. Mwenye gari alikuwa ameshatangulia mlangoni, anamsubiri.