Fundi Aliyejipunguzia Suruali

Ndugu, jamaa na majirani, mlioketi na mliosimama kando ya ukuta kwa kukosa viti, naanza na sauti moja ambayo kwa karibu miaka miwili ilisikika nyumbani kwetu usiku, sauti ya cherehani, mshono mmoja mfupi usiofika sekunde tano, kisha kimya, kisha hatua za baba zikirudi kitandani, nasi tuliokuwa macho tukageukia upande wa pili tukiambizana kwamba fundi ni fundi, kazi humfuata hadi usingizini. Mimi ni kitinda mimba wake, na familia imenipa jukumu la kuwasomea maisha yake.

Marehemu baba yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Futi kwa sababu ya ile futi ya kupimia iliyoning'inia shingoni mwake hata siku ya harusi yake, alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli, akiwa wa pili kati ya wavulana wanne wa baba mfanyakazi wa reli na mama mshona vitambaa vya meza.

Alianza shule ya msingi mwaka 1965 na kumaliza mwaka 1971, akiwa wa kwanza katika hesabu na wa mwisho katika mbio, na kwa kuwa nafasi za sekondari zilikuwa chache, mwaka 1972 mjomba wake, fundi wa kaptula za shule, alimkalisha mbele ya cherehani, na miezi sita ya kwanza hakumfundisha kingine ila kufumua, akimwambia kwamba asiyejua kufumua bado hajajua kushona.

Mwaka 1976 aliajiriwa katika kiwanda cha sare, idara ya kukata vitambaa, akadumu huko hadi mwisho wa 1987, na mwezi Februari 1988 akafungua chumba chake mwenyewe, ghorofa ya kwanza juu ya duka la dawa, chumba chenye dirisha moja, kioo kirefu, pasi nzito, na kabati la madaftari ambamo aliandika vipimo vya kila mwanamume aliyepanda zile ngazi kwa miaka thelathini na mitano.

Kupitia madaftari hayo, baba aliujua mji huu kuliko wengi wanaouongoza, kwani alikuwa akisema kwamba mji unaumwa na umejificha ndani ya nguo. Aliona shingo za watu zikisogea mbele mwaka hadi mwaka tangu simu zianze kuinamiwa, aliona bega moja la makarani likishuka kwa uzito wa mkoba, na alijua kwamba kila mwanamume ana kiuno cha mdomoni na kiuno cha kweli, na kwamba kati ya viwili hivyo kuna inchi nne. Wateja walipovuta pumzi wakipimwa, hakuwabishia, alishika futi yake akaanza kuwauliza habari za watoto, mpaka mtu akajisahau na tumbo likarudi mahali pake, ndipo akaandika. Wale wakaidi aliwaambia, "Bosi, pumua tu, suruali haitakusengenya." Na kutoka dirishani aliwatazama vijana wa jengo la ng'ambo wakipanda lifti hadi ghorofa ya tatu ili wakakimbie juu ya mashine, akacheka mpaka pini zikamdondoka midomoni.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo hakulifanyia mzaha. Mteja aliyeleta suruali ipunguzwe zaidi ya inchi mbili, naye hajui amekonda kwa nini, baba alimrudishia suruali yake mkononi. Yupo hapa mwalimu wa hisabati aliyepungua inchi tatu kwa miezi minne, mwaka 2011, ambaye alimjia baba juu akisema, "Fundi, mimi nimeleta nguo, sikuleta mwili," na baba akamjibu, "Mwalimu, nguo haina kosa. Nenda kapime, ukirudi na karatasi ya daktari nakupunguzia bure." Mwalimu aliondoka akitukana ngazi nzima, akapimwa ili amkomeshe, akakutwa na kisukari, akatibiwa, na leo amekaa safu ya pili, akiwa amevaa suruali hiyo hiyo.

Tarehe 6 Septemba 1984 baba alimwoa mama yetu, ambaye kiwandani alikuwa akishona vifungo meza ya tatu, na ambaye husema alikubali posa kwa kuwa ndiye mwanamume pekee aliyekata kola bila kumharibia kazi. Walijaliwa watoto wanne, kaka yetu fundi umeme mwaka 1986, dada yetu mpishi mwaka 1989, kaka yetu dereva mwaka 1993, na mimi mwaka 2000, nilipokuwa sitarajiwi tena, hata baba akasema kitambaa kilibaki kidogo, wakaona wasikitupe.

Sasa nafika kwenye ugonjwa. Kikao cha ukoo kilichokaa juzi kiliniagiza nisome kwamba baba "aliugua kwa muda mfupi," na nimesoma kama nilivyoagizwa, lakini haukuwa muda mfupi. Tangu mwaka 2021 alikuwa akiamka usiku mara nne, mara tano, kwenda haja ndogo, akisema ni chai, na mgongo ulipoanza kumuuma akasema ni kiti, na chai tukapunguza, na kiti tukabadilisha. Alikuwa akikonda, nasi hatukuona, kwa sababu kila alipopungua aliamka usiku akazipunguza suruali zake, nusu inchi leo, nusu inchi baada ya mwezi, na mashati, na koti la kijivu, hivyo asubuhi kila kitu kilimkaa sawasawa kama alivyotujengea mazoea, nasi tukawa tunatazama nguo tukidhani tunamtazama mtu. Wateja wote aliwakatalia, mteja mmoja tu hakuweza kumkatalia, naye ni yeye mwenyewe.

Tarehe 4 Juni mwaka huu wa 2023, mama alipokuwa akipiga pasi, aligeuza suruali ndani nje akaona mistari sita ya matundu ya sindano, mmoja kando ya mwingine, akaenda nayo mpaka alipoketi baba.

"Hii umeipunguza lini?"

"Kitambaa kimelegea, mke wangu."

"Kitambaa kimelegea, au wewe?"

Mama akafungua mkanda wa baba kwa mikono yake mwenyewe, akaona alichokiona. Tarehe 9 Juni alilazwa, tarehe 20 majibu yakatoka, na daktari akatueleza kwamba ugonjwa ulikwisha kufika kwenye mifupa, kwamba miaka miwili nyuma mazungumzo yangekuwa mengine, na kwamba ni ugonjwa unaopenda kufuata wanaume wa ukoo mmoja. Hapo tukakumbuka kwamba babu alifariki mwaka 1981 kwa kile kilichoitwa uzee, na baba mkubwa mwaka 2009 kwa kile kilichoitwa mgongo. Wanaume wa ukoo huu tuliopo hapa leo ni kumi na mmoja, na wa mwisho ana miaka kumi na tisa.

Baba alifariki tarehe 2 Oktoba 2023, saa kumi na moja alfajiri, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mama.

Kwenye kikao, baba mdogo, kwa uchungu wa kaka yake na kwa heshima aliyotaka kumwekea, alisema, "Mwanangu, mtu hazikwi na habari za chini ya mkanda," na wazee wakaitikia, nami nikafuta mstari niliokuwa nimeuandika, kwa kuwa wote walikuwa wakubwa wangu, na sikuwa na kauli juu yao. Mama aliomba kalamu. "Shemeji," alisema, "suruali hizo nimezifua miaka thelathini na tisa. Wa kuona haya hapa ni mimi, na mimi sioni."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, hasa muuguzi wa zamu ya asubuhi aliyekubali kupimwa suti huku akimchoma sindano, inamshukuru muuza dawa wa duka la chini aliyepandisha dawa ngazi zile bila kuitwa, mafundi wenzake waliomalizia nguo za wateja kumi na wanne, na majirani ambao milango yao haikufungwa.

Mstari wa mwisho si wangu. Mama ameuandika kwa mkono wake, nami nausoma ulivyo.

"Mume wangu, umepumzika, na upumzike vyema. Mashemeji zangu na wanangu, msiangalie chini. Kesho asubuhi nitakuwa mlangoni mwa hospitali nikiwasubiri nyote kumi na mmoja mje mpimwe damu, kwa sababu kilichomuua kinaitwa saratani ya tezi dume."