Philister Nanyama na Vijipicha vya Mzee Muthama

Ijumaa hii, tarehe 30 Oktoba 2009, Bi. Philister Nanyama anastaafu baada ya kukitumikia Kituo cha Habari za Mashamba kwa miaka ishirini na minane. Kamati ya sherehe imeniomba mimi, Kibe wa kompyuta, niandike wasifu wake kwa kuwa meza zetu zimepakana. Nimekubali, ingawa nimemwonea wivu kwa muda mrefu, na kamati inajua.

Aliajiriwa mwaka wa 1981 akiwa mpiga chapa, kabla hatujahamia ghorofa hii ya nne katikati ya jiji. Baadaye akawa mtunza maktaba. Hakusomea kompyuta. Mimi nina diploma, tena iko ukutani ndani ya fremu. Hata hivyo, wateja wa mitaa ya Karen na Muthangari wakipiga simu humtafuta yeye. Chapati anazotuletea kutoka kwake Waithaka huisha kabla ya saa nne. Keki niliyonunua siku yangu ya kuzaliwa ilibaki nusu.

Lililoniuma zaidi lilitokea Juni 2007. Mzee Muthama, mteuzi wetu wa picha, alikuwa amerudi kazini baada ya kiharusi. Mikono na ulimi vilikuwa vimepona, lakini herufi zilikuwa zimempotea. Kila neno kwake lilikuwa mikwaruzo tu. Jicho la kutambua ugonjwa wa mmea pichani lilibaki zima. Tovuti alizohitaji, mia moja na arobaini, zilihifadhiwa kwenye kivinjari chake, naye alizitambua kwa kijipicha kinachokaa kando ya kila jina: jani, jogoo, tone la maji.

Nikaisafisha kompyuta yake. Majina ya tovuti niliyarudisha, vijipicha vikapotea. Asubuhi mzee alikuta safu ya vikaratasi vyeupe, vyote sawa.

"Kibe, sasa nitaingilia wapi?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

Nilimjibu kwamba virusi vimevifuta na havirudi. Mkurugenzi, Bw. Gichuru, alianza kuzungumzia kumstaafisha mapema.

Madam Philister hakubishana na mtu. Kwa wiki tatu, saa ya chakula cha mchana, alifungua tovuti moja baada ya nyingine mpaka kijipicha chake kikajitokeza tena. Tovuti kumi na moja zilikuwa zimekwisha kubadilisha picha zao. Kwa hizo alimketisha Muthama kando yake, mzee akieleza, yeye akichora nukta kwa nukta.

"Kishungi cha jogoo kilikuwa kimelala kidogo, Madam," mzee alisema, naye akafuta, akaanza upya.

Kisha akaazima kitabu, akajifunza kuipachika michoro hiyo kwenye faili ya alamisho, ile inayohifadhi orodha ya tovuti, na tangu hapo huweka nakala yake kwenye flashi kila wiki.

Muthama alibaki kazini. Ofisi nzima ilipiga makofi. Nami nilipiga, kisha nikaenda kusimama chooni mpaka uso ukapoa. Nilikuwa nimeomba kimoyomoyo angalau kijipicha kimoja kimshinde. Naye Madam hakumwambia mtu nani aliyevifuta. Bw. Gichuru, ukisoma hapa, ujue hakukuwa na virusi. Ni mimi niliyevifuta.

Mwezi uliopita nilimkuta akimfundisha Mercyline wa mapokezi kazi hiyo ya vijipicha. Wivu ukanipanda upya.

"Madam, kwa nini si mimi?"

"Wewe ulisema havirudi," alinijibu. "Nimengoja miaka miwili uniulize vilirudije."

Nikavuta kiti.

Asante, Madam Philister, kwa kazi yako na kwa siri uliyonitunzia. Mahindi yako ya Waithaka na yastawi, magoti yasikusumbue, na asubuhi zako ziwe ndefu. Wenzako wote wanakuombea heri. Mimi pia nakuombea, ingawa Jumatatu kiti chako kitakuwa kitupu, na sijui sasa nitamwonea wivu nani.