Msichana wa Bluu kwenye Kioo cha Ogola

Nje ya studio ya Mzee Ogola, kona ile ya kuelekea soko la Kibuye, kuna benchi lililowahi kuwa la kanisa. Nani alilitoa kanisani haijulikani, na anayelikalia haulizi. Hapo ndipo huamuliwa mambo yote ya Kisumu ambayo manispaa imeshindwa kuyaamua. Wenye benchi ni watatu. Kuna Joram, aitwaye Refa, kwa sababu aliwahi kuchezesha mechi moja kule Awasi na akakimbizwa mpaka barabara kuu na filimbi ingali mdomoni. Kuna Tom, aitwaye Daktari, aliyefagia wodi za hospitali hadi akastaafu, akaondoka na ujuzi wote. Na kuna Hassan, aitwaye Redio, muuza kahawa, ambaye birika lake hupoa kabla ya habari zake. Ijumaa moja asubuhi, mwaka ambao vyuo vikuu vilikuwa vimefungwa tena na wanafunzi kurudishwa makwao na mabegi yao kichwani, pembeni mwa benchi hilo alikaa mtu wa nne ambaye hakualikwa. Alikuwa Seline, msemaji mkuu wa mdahalo huko chuoni, na alikuja kwa vita.

Sababu ya vita ilikuwa nyuma yao, kwenye kioo. Ogola huweka hapo picha za wateja wake, mpita njia azione atamani na yeye. Tangu Jumatano katikati ya picha hizo paliingia moja isiyofanana na nyingine. Ilikuwa ya Seline mwenyewe, na hakupigwa na mtu, alijipiga. Kamera ya Ogola ina kidude cha kuvuta. Ukikivuta inalia jijijiji kama nyenje, nawe unakimbia kukaa kwenye kigoda kabla haijakunasa. Seline alifunika taa kwa nailoni ya bluu, ile ya kufunikia vitabu vya shule, akavuta kidude, akakaa. Uso, shingo, leso, vyote vilitoka bluu. Na hakucheka.

Ogola aliitazama picha ile kwa muda, akasema, "Hii ikivuta hata mteja mmoja, Jumamosi studio ni yako, uje na nailoni zako zote." Kwa furaha Seline hakupata usingizi. Lakini Ijumaa asubuhi Joram alimkumbusha Ogola kwamba Jumapili Gor Mahia wetu wanakutana na Leopards wa watu wa Kakamega hapa hapa Kisumu, mashabiki wakitoka uwanjani watapita kona hii, na Leopards wanavaa bluu. Ogola akakitazama kioo chake kama mtu anayeaga.

"Benchi iamue," alisema. "Birika ya Hassan ikiisha na bado mmekataa, naitoa." Akarudi ndani kwenye chumba chake cha giza cha kusafishia picha, akawaachia Kisumu nzima mikononi mwao.

— Mimi nauliza tu, alianza Joram, na Joram akiuliza tu huwa ameshahukumu. Hapa ni Kisumu ama ni Kakamega?

— Kisumu, akasema Tom.

— Na Kisumu inavaa rangi gani?

— Kijani na nyeupe. Nani hajui hiyo?

— Sasa, nyathina, Joram akamgeukia Seline kwa upole wa fundi anayekupimia jeneza. Wewe ni mtoto wetu. Tumekuona ukikimbia hapa na pua inatoka. Leo unasoma, unajipaka Leopards, unatuwekea kwa dirisha?

Seline alisimama, maana mdahalo haufanywi umekaa.

— Mheshimiwa Refa, hoja yako ina kasoro tatu. Kwanza...

— Keti kwanza, mama, akasema Hassan. Unatingisha benchi, kahawa inamwagika.

Akaketi. Chuoni alikuwa amewanyamazisha wanafunzi wa sheria, wenye tai na sauti nzito. Hapa alishindwa na kikombe kisicho na mkono.

— Kwanza, akasema akiwa amekaa, rangi si jezi. Mbingu ni bluu. Ziwa ni bluu. Mbona hamjalifukuza ziwa?

— Ziwa gani? Hassan akacheka. Wewe umekaa Nairobi sana. Teremka ufuo uone. Magugu yamefunika kila mahali. Ziwa ni kijani kama sukuma.

Joram akajipiga paja mpaka njiwa wakaruka.

— Umesikia? Hata ziwa ni Gor!

Hapo Seline aligundua jambo ambalo hakuna mwalimu aliyemfundisha, kwamba kuna watu ambao ukiwapa mfano wanauvaa wao na kuondoka nao.

— Mimi naona mnamwonea bure, akasema Hassan akiongeza makaa chini ya birika. Hiyo si makosa yake. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

— Na hiyo inaingia wapi? Seline akauliza.

— Inaingia kwa picha! Ogola tumemsifu sana. Sasa amelewa sifa, ametia dawa ya picha maji mengi, imechuja. Ni kama shuka ukiiweka bluu ya kufulia ikazidi.

— Kweli, akaunga Tom. Hata wahenga walisema, mwenda tezi na Omo.

— Daktari, Hassan akafumba macho kwa uchungu, kwa maana babu yake alikuwa mtu wa Lamu. Daktari, ile omo si ya sabuni, ni ya jahazi.

— Basi walikuwa wanafua na nini?

— Rangi haikuchuja! Seline alipaza sauti, na mama mmoja aliyekuwa akipita na kapu la dagaa wa omena akageuka. Niliiweka mimi. Kwa makusudi. Nilichagua nailoni, nikachagua leso, nikachagua kutocheka. Kila kitu mnachokiona pale nimekiamua mimi!

— Ndiyo inanitia wasiwasi, akasema Tom taratibu. Aliweka kikombe chini, akapangusa mikono kwenye suruali kama mtu anayejiandaa kuingia chumba cha upasuaji. Hiyo si mpira, na si sabuni. Ni moyo. Mimi kwa wodi nimeona. Midomo bluu, kucha bluu. Huyo mtu hana hewa.

— Daktari, mimi niko hapa. Napumua. Nakunywa kahawa.

— Wote husema hivyo.

— Nani wote?

— Walio bluu. Mmoja aliniambia, Tom, fagia huko, mimi niko sawa. Nikafagia. Kurudi, kitanda kimetandikwa. Tom akatikisa kichwa. Haba na haba hujaza kibaba. Hewa ilikuwa inamtoka haba na haba.

Joram alimsogelea Seline akamchungulia kucha. Seline akaficha mikono, kisha akajikasirikia kwa kuificha, akaitoa tena.

— Na hiyo kitu ni ya kuambukiza, Tom akaendelea, sasa akiwa amepata mwendo. Tangu Jumatano iwekwe hapo, mimi nikiamka vidole ni baridi. Nimekaa nimeipa mgongo siku tatu. Inapenya kioo.

— Yawa! Joram akainuka benchini, akakaa chini upande mwingine.

— Nyinyi mnaona karibu, Hassan akashusha sauti akatazama barabara juu na chini. Mimi nimesikia mambo. Si vyama vingi vinakuja? Basi serikali inatengeneza vipande vipya, vitambulisho vya rangi. Mtu wa upinzani, uso rangi moja. Mtu wa serikali, rangi ingine. Na asiyejua ako wapi, bluu. Sasa wanajaribu kwa wanafunzi kwanza, ndiyo maana walifunga chuo. Nani alikupatia hiyo nailoni?

— Nilinunua dukani! Ya kitabu!

— Ya kitabu, Hassan akarudia, akitikisa kichwa kama polisi aliyepata anachotafuta. Sikilizeni hiyo. Ya kitabu.

— Hapana, Redio, umekosa kidogo tu, akasema Joram. Si serikali. Ni Leopards wenyewe. Wamegawa nailoni kwa wasichana wa chuo nchi nzima. Jumapili timu yetu ikitoka hoteli, kila dirisha bluu, kila dirisha bluu, mpaka kipa akifika uwanjani macho inazunguka. Mpira unakuja, yeye anadaka jua.

— Na mtatufunga ngapi? Seline akauliza kwa ukali.

— Amekiri! Joram akaruka. Mmesikia? Amesema "mtatufunga"!

— Nilikuwa nakudhihaki!

— Dhihaka ya ng'ombe ni maziwa.

Hiyo haikuwa methali ya watu wowote duniani, lakini Tom na Hassan walitikisa vichwa kwa heshima.

Seline alihesabu silaha zake. Alikuwa na hoja ya mantiki, ikachukuliwa ikavikwa jezi. Alikuwa na kejeli, ikageuzwa ushahidi. Hassan aliinamisha birika kumimina, na maji yalivyolia ndani ilijulikana kwamba vimebaki vikombe vichache. Maneno aliyobaki nayo sasa hayakuwa ya mdahalo, na hakuyapenda, maana hayakuwa na kwanza wala pili.

— Nilikuwa na huzuni, akasema.

— Huzuni ni nyeusi, Joram akajibu mara moja. Kila mtu anajua. Enda matanga yoyote.

— Yenu ni nyeusi. Yangu ni bluu. Mama yangu alipokufa hatukuwa na picha yake hata moja, ila ile ya kipande. Tukaipeleka ikuzwe kwa ajili ya jeneza. Mnaijua ile ya kipande. Mtu wa serikali anakuambia kaa wima, inua kidevu, usipepese. Na yeye alikuwa mtu wa kuinamisha kichwa hivi, upande, akikusikiliza. Mama alipenda rangi mpaka akapaka mlango wa jikoni bluu mwenyewe, kwa mkono, nusu tin ikaenda kwa nguo yake. Jioni kabla ya kuwasha taa tulikuwa tunakaa hapo mlangoni, hatuongei, na mwangaza ule wote ulikuwa hivyo. Seline akaonyesha kioo bila kugeuka. Sasa ukutani kwetu kuna mwanamke wa kijivu, kidevu juu, simjui. Mimi sitaki mtu aniambie nikaeje. Sitaki kuambiwa cheka. Ndiyo maana nilijipiga mwenyewe.

Gari la mizigo lilipita. Tom alijikohoza, akatazama viatu vyake.

— Pole, mama, akasema Hassan polepole. Kweli pole. Kisha, kwa kuwa alikuwa Hassan, akaongeza: Na hiyo tin ya rangi ilitoka duka gani?

— Redio! Joram na Tom wakamkemea kwa pamoja.

Joram alivuta pumzi. Alikuwa na uso wa mtu aliyeguswa, lakini Jumapili ilikuwa Jumapili.

— Nyathina, mimi nimekuelewa, akasema. Tena nimeumia. Lakini mashabiki watapita hapa elfu, na wewe huwezi kusimama hapa uwaeleze wote habari ya mlango wa jikoni. Kioo kitaenda.

Na hilo, Seline alijua, lilikuwa hoja. Ya kwanza asubuhi ile.

Hapo akatoka Mzee Ogola mlangoni, kitambaa begani, vidole vikinuka dawa. Wakati huohuo yule mama wa kapu la omena aliyekuwa amegeuka alikuwa amesharudi. Alitua kapu chini karibu na miguu ya Tom, akakikaribia kioo mpaka pumzi yake ikaweka ukungu.

— Mimi ni Benta, natoka Katito, akasema, bila kusema anamwambia nani. Nani amepiga huyu?

— Mimi, akasema Seline. Nimejipiga.

Benta akamtazama, akaitazama picha, akamtazama tena.

— Ni wewe kabisa, akasema. Hata ningekutana na wewe gizani ningekujua.

— Mama, usipotezwe na hiyo, Joram akaingilia, akainuka kuonyesha kwa mkono mpana. Hiyo ni mambo ya vijana. Angalia kazi ya mzee Ogola. Angalia hizo zingine. Hizo ndizo picha! Hata sisi watatu tuko hapo, na hatuna aibu.

— Ninyi ni wepi? Benta akauliza.

Joram akacheka, akanyoosha kidole kwenye kioo. Kidole kikaenda juu. Kikashuka. Kikaenda kushoto, kikasimama hewani.

Kwa maana Ogola ana koti moja la studio, la kahawia, na kila mwanamume anayeingia huvalishwa hilo. Humkalisha mbele ya pazia lilelile, mkono juu ya simu ya plastiki, amwambie inua kidevu, cheka kidogo, kidogo tu. Kisha jua la Kisumu huwafifisha, mwezi baada ya mwezi, mpaka wote wanakuwa rangi ya chai ya hoteli. Wanaume kumi na kitu, koti moja, kidevu kimoja, kicheko kimoja.

— Huyu, akasema Joram hatimaye.

— Huyo ni mimi, akasema Tom.

— Wewe una masikio hayo?

— Ngoja, akasema Hassan, amesahau birika, pua yake ikigusa kioo. Hiyo ni saa yangu. Hapana. Si yangu. Nani hapa ana saa?

— Mzee Ogola, Benta akageuka, si wewe uliwapiga? Waambie.

Ogola alivaa miwani. Akainama. Aliangalia mstari wa juu, akaangalia wa chini. Akavua miwani, akaipangusa, akavaa tena. Kidole chake nacho kikaenda juu, kikashuka.

— Mimi nataka yangu ya manjano, akasema Benta, akiinua kapu lake. Manjano kama alizeti. Na sitaki kuambiwa nicheke. Kesho ni Jumamosi, mtakuwa mmefungua?

— Nitakuwepo, akasema Seline, na sauti ikamtoka ndogo kuliko alivyokusudia.

Ogola alitoa ufunguo wa kioo mfukoni. Akafungua kioo, akaingiza mkono ndani, na mkono ukaipita ile ya bluu.

— Jumapili nitashusha mbao za kufunika kioo, akasema, mashabiki wapite salama. Lakini nafasi ni kidogo, na mteja amepatikana. Kama ni kutoa, wacha nitoe ile mwenyewe hajulikani.

— Omera, ndugu yangu, usitoe! Joram akamshika mkono. Moja hapo ni mimi!

— Ipi?

Hassan alirudi kwenye birika kutafuta la kufanya. Aliliinamisha juu ya kikombe cha Joram, akalitikisa, akalipindua kabisa. Likatoa tone moja jeusi na machicha ya kahawa.