Maua Bila Mbuzi

Gari la Kajiado lilikuwa halijatoka Kitengela vizuri msichana aliyeketi mbele ya Ondiek alipofunga riwaya yake, akapangusa machozi. "Wamerudiana!" alimwambia mama aliyekuwa kando yake, mtu asiyemjua hata jina. "Miaka tatu ya talaka, halafu bwana akamletea waridi mpaka kwa mlango."

"Na wazee?" mama akauliza.

"Wazee gani?"

"Wa kumrudisha bibi! Kwa wakwe mtu haendi hivyo hivyo. Mbuzi iko wapi?"

"Mama, hii ni mapenzi, si soko."

"Basi huyo bibi amerudishwa kama sufuria ya kuazima."

Ondiek, ambaye hakuwa amekanyaga kwa kina Virginia huko Kajiado tangu talaka yao, alisukuma shada lake la waridi chini ya kiti kwa mguu. Asubuhi lilikuwa limeonekana kuwa wazo la maana sana.

"Mimi mtu akinijia na mbuzi bila maua," msichana alisema, "simfungulii mlango."

"Na mimi akija na maua bila mbuzi, namfungulia mbwa."

Walikuwa bado wanabishana gari liliposimama Kajiado. Ondiek aliokota maua yake, akamwinamia yule mama.

"Samahani, mama. Soko ya mbuzi iko upande gani?"